Mtoto wa Mama Mboga

Kama kulikuwa na jambo lililomkera Jelimo kuliko mvua ya saa nane katika soko la Kitale, ni wateja wanaosifu watoto wao. Mtu anakuja kununua sagaa, anashika fungu, analigeuza, analinusa, kisha anaanza: "Huyu wangu mdogo, bana, bila managu hali ugali. Analia kabisa." Jelimo alikuwa anatabasamu, kwa maana mteja ni mteja, anamfungia mboga zake, anamwongezea majani mawili matatu ya bure, na akishageuka anamsindikiza kwa jicho. Jicho lile lingekuwa kisu, mama wa watu angefika kwake bila visigino.

Yeye wake alikuwa hali mboga. Hali sagaa, hali managu, hali kunde, na sukuma wiki, ambayo hata wageni kutoka mbali huizoea baada ya wiki moja, aliila kama mtu aliyehukumiwa. Chepngeno alikuwa na miaka saba, yuko darasa la pili, na tangu akinyonya alikuwa amelala juu ya magunia ya mboga kuliko alivyolala kitandani. Ungetarajia mtoto kama huyo atafune majani kama mwanambuzi. Wapi! Ukimwekea mboga alizisukuma hadi pembeni mwa sahani, akala ugali mkavu na chumvi, na ukimkazia macho aliweka tonge shavuni na kukaa nalo mpaka mtu asahau. Siku moja Jelimo aliposogeza mtungi wa maji akitafuta kijiko, alikuta nyuma yake vidonge vya mboga vilivyokauka, vimepangwa ukutani vizuri kabisa. Hata panya walikuwa wamevikataa.

Matunda nayo yalikuwa kesi ile ile. Embe, "lina maji mabaya." Avokado, "ni nyeusi ndani." Ndizi, "imelainika, inanuka." Jelimo alisikia maneno hayo na kuona madeko matupu. Mtoto wa mama mboga anachagua matunda kama mke wa waziri!

Na si kwamba Jelimo alikuwa mtu wa kudekeza. Huyo mtoto alikuwa na adabu ambayo soko zima liliijua. Alipokuwa wa miaka mitatu alinyoosha mkono akachukua tunda damu kutoka kwenye rundo ambalo Jelimo alikuwa amelipanga likapangika, akaling'ata. Jelimo alimchapa kofi la mkono papo hapo. "Hiyo ni ya watu!" alimwambia. "Haiguswi!" Kofi moja tu lilitosha. Tangu siku hiyo Chepngeno angeweza kushinda kwenye kigoda kando ya meza kuanzia mchana mpaka jua kuzama, maembe yakimnukia puani, naye amekalia mikono yake, viganja chini ya mapaja, asiguse kitu. Wauzaji wengine walimwonyesha watoto wao. "Ona mtoto wa Jelimo, ona vile anakaa." Jelimo alilipenda sana jambo hilo. Alilisimulia hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Meza ilikuwa na sheria zake, na Jelimo hakuzitunga yeye. Alizipata kwa mama yake, aliyeuza vitunguu na kabeji huko juu kwenye miteremko ya Elgon mpaka mgongo ukakataa. Anayekula meza yake, mama yake alisema, atalala chini. Kitu kizuri ni cha mteja. Hakiondoki mezani mpaka jua limalize zamu yake, na kinachobaki jioni, hicho sasa ndicho cha nyumbani. Hakuna mama mboga pale sokoni aliyefanya vinginevyo. Ungemwambia mmoja wao abebe fungu la asubuhi kwenda nalo kwake, angekuuliza ni nani aliyekuroga.

Basi vita vya mboga vilibaki vya nyumbani, vya kuchekwa na majirani, mpaka siku ya michezo shuleni. Chepngeno alikimbia nusu ya uwanja, akaketi kwenye nyasi, akasema dunia inazunguka. Mwalimu akamtuma mtu sokoni. Jelimo alifunika meza kwa gunia akampeleka mtoto kliniki, mbio, aproni bado kiunoni.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Alivuta kope la chini la mtoto, akatazama viganja, akamtoboa kidole akapima.

"Damu yake imeshuka, mama," akasema. "Nitampa dawa ya maji ya kuongeza damu, na hii ingine ya minyoo. Lakini dawa peke yake haiwezi. Huyu anataka mboga, hizi zetu za kienyeji, na matunda kila siku. Maharagwe pia, na nyama mkipata. Umrudishe kabla shule zifungwe. Tukipata damu imeshuka tena, itabidi tumlaze."

"Sawa," Jelimo akasema.

"Na wewe unafanya kazi gani?"

Jelimo alitamani sana kusema anauza viatu. "Biashara."

"Biashara gani?"

"Mboga."

Muuguzi alimtazama kidogo. Hakucheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Basi una bahati," akasema. "Wengine wanatafuta."

Bahati! Neno hilo lilimfuata Jelimo barabarani kama mbwa wa mtu. Alirudi mezani akakuta mbuzi ameingiza kichwa chini ya gunia, anakula sagaa kwa raha zake, akamrushia kiatu. Hata mbuzi alikuwa anakula.

Alianza kwa maneno matamu. Alimwambia mtoto kwamba wakimbiaji wote wanaoshinda mbio, wale anaowaona kwenye runinga ya jirani, walilelewa kwa sagaa na maziwa. Chepngeno akauliza kama walikuwa wanapewa na chipsi. Akajaribu kumhonga kwa biskuti. Chepngeno alikula biskuti kwanza kisha akasahau mkataba. Akajaribu kuficha mboga ndani ya maharagwe; mtoto alichambua maharagwe moja moja kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Akajaribu ukali. Ukali ulileta machozi, na machozi hayana damu ndani.

Jirani yake Nafisa, ambaye tangu Chepngeno aanze darasa alikuwa anakaa naye kila siku baada ya shule, alimwonea huruma. Nyumba zao zilikuwa zinatazamana katika ploti moja karibu na msikiti, na Nafisa alikuwa hodari wa chapati mtaa mzima.

"Mama Chep, hebu niletee hizo mboga zako," alisema. "Mimi nitazisaga niziweke ndani ya unga. Atakula bila kujua. Watoto ni kuwazungusha tu."

Jelimo akampelekea alichorudi nacho jioni ile. Nafisa akasaga, akakanda, akasukuma, na chapati zikatoka za kijani kibichi, laini, zinapendeza macho. Chepngeno aliumega ukingo mmoja, akautia mdomoni, akatafuna polepole, kisha akaiweka chapati chini kwa heshima zote.

"Asante, Mama Farid," akamwambia Nafisa. "Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala?" Jelimo akafoka.

"Inanuka gunia."

Nafisa akacheka mpaka akajishika mbavu. Jelimo hakuona cha kuchekesha. Kuambiwa mboga yako inanuka gunia, tena mbele ya watu, na aliyesema ni wa tumbo lako!

Halafu kulikuwa na Kipkirui. Mume wake alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mahindi upande wa Endebess na alirudi nyumbani Jumamosi jioni, na kila Jumamosi alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti, kinang'aa mafuta. Chipsi, soseji, wakati mwingine mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Jelimo alikuwa amefundisha mboga wiki nzima, naye anakuja kuivunja shule kwa dakika kumi.

"Ati mtoto hali majani?" alisema huku akimkatia binti yake soseji. "Hiyo ni akili, bana. Hata mimi si mbuzi."

"Kipkirui, mtoto hana damu."

"Si ndiyo nimemletea nyama?"

"Hiyo si nyama, hiyo ni mafuta na chumvi. Na usicheke. Nakuambia usicheke! Siku watamlaza, utakuja ucheke huko wadini."

Kipkirui aliacha kucheka, lakini soseji ilikuwa imeshaliwa.

Jioni moja ya wiki iliyofuata, Jelimo alifika mwisho wa akili yake. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, mteja mmoja alimwita mwizi kwa sababu ya nyanya, na nyumbani alikuta mtoto amekaa mbele ya sahani ya kunde, ameziba pua kwa vidole viwili. Jelimo aliondoa vile vidole, akaiziba ile pua ya mtoto yeye mwenyewe, na mdomo ulipofunguka akatia tonge. Chepngeno akameza. Kisha akatapika, kunde na ugali na dawa ya kliniki, yote juu ya sare ya shule, ambayo ilikuwa moja tu.

Jelimo alifua sare ile akilia. Alilia kwa hasira, si kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, mtoto alipokuwa amelala, na mama akamvuta kope la chini kama alivyoona muuguzi akifanya. Kulikuwa kweupe. Alijiuliza mwanamke wa namna gani analisha mji mzima na kushindwa na mdomo mmoja. Kinyozi hajinyoi, watu husema, na kucheka. Jelimo aliona msemo huo hauna kicheko ndani yake hata kidogo.

Jumamosi ilipofika, ilibidi aende Matulo kuchukua mrenda, ile mboga inayoteleza. Mrenda wa Kitale ulikuwepo, lakini wateja wake wa Kibukusu walijua tofauti, na kwa miaka kadhaa Jelimo alikuwa anachukua mzigo wake kwa Mama Mukhisa, mkulima mwenye shamba lililoshuka mpaka mtoni, upande ule wa Webuye. Kwa kawaida Chepngeno alibaki na Nafisa. Safari hii Nafisa alikuwa ameenda Bungoma kwa ndugu zake, kulikuwa na harusi, basi Jelimo akambeba mtoto pamoja na magunia.

Walifika umande haujakauka. Mama Mukhisa alikuwa tayari shambani, leso imefungwa kifuani, anachuma.

"Mulembe, mukhana! Na leo umeleta mgeni mkubwa," akamsalimu Jelimo kwa Kibukusu kama binti yake, alipomwona Chepngeno. "Karibuni, karibuni."

Jelimo alikuwa na haraka. Alitandaza gunia chini akaanza kuchuma naye, lakini aliona Mama Mukhisa hatii kitu guniani. Anatia kwenye kikapu kidogo, mrenda laini wa juu kabisa, na majani machanga ya kunde, anachagua kama anayechagua shanga. Kikapu kilipojaa, akajitwika akaanza kwenda jikoni.

"Mama, gunia bado iko tupu," Jelimo akamwita. "Soko haiwezi ningoja."

"Gunia itajaa. Chungu kwanza."

"Si tuweke gunia kwanza, halafu zile zitabaki upike?"

Mama Mukhisa alisimama, akageuka na kikapu chake kichwani. "Hapa kwangu mkono wa kwanza ni wa chungu," akasema. "Mama mkwe alinifundisha hivyo siku niliolewa, na nikakasirika kama wewe. Gunia haina tumbo, mukhana wangu."

"Wewe una shamba, mama," Jelimo akajibu, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Mimi nina meza."

Mama Mukhisa aliweka sawa kikapu kichwani. Alienda zake jikoni, na Jelimo akabaki akichuma na kunung'unika. Ni rahisi kusema maneno mazuri ukiwa na mto chini ya shamba lako.

Chakula kilipoiva waliitwa. Mama Mukhisa aliomba radhi kwa kutochinja kuku. "Nyinyi ni watu wa haraka, mtanisamehe. Siku ingine mkuje mkae." Kulikuwa na ugali wa wimbi, na bakuli kubwa la mrenda uliochanganywa na kunde, umetiwa ule munyu wao wanaouchuja kwenye jivu la maganda ya maharagwe, kijani chake kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Wajukuu wa nyumba walikuwa wameshazunguka sahani moja sakafuni, na Chepngeno alikuwa kati yao.

"Huyu hali mboga," Jelimo akasema upesi, ili aibu imkute amejiandaa. "Mpatie tu chai, mama. Mboga zinamkataa."

Hakuna aliyemsikiliza. Wajukuu walikuwa wanashindana nani atavuta uzi mrefu wa mrenda kutoka sahanini mpaka mdomoni bila kukatika, jambo ambalo wakubwa walilikataza na kuliangalia kwa jicho moja. Chepngeno aliwatazama. Akamega ugali. Akachovya kidogo, akavuta, uzi ukakatika, wenzake wakamcheka. Akachovya tena, zaidi. Jelimo aliacha kutafuna. Mtoto alikula tonge, akala lingine, akalamba kidole gumba, akalamba na kiganja, na sahani ilipokwisha akaangalia sufuria.

"Ongeza yeye," Mama Mukhisa akamwambia mjukuu mkubwa. "Kula, mtoto, kula. Chakula iko."

Baadaye watoto walitoka mbio, na Jelimo, akiwa anafunga gunia, alimwona bintiye chini ya mti wa mapera, tunda mkononi, maji yakimtiririka kidevuni. Hakuziba pua. Alikuwa anakula hata mbegu.

Ungedhani mama angefurahi. Jelimo hakufurahi. Moyo wake ulijaa uchungu wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Jasho lake lote, biskuti zote, machozi, sare iliyofuliwa, na sasa mtoto anamtia aibu ugenini kwa kula! Aliaga, akashukuru inavyotakiwa, akavumilia mpaka walipofika njia panda ambako gari la mizigo lilikuwa linamngoja. Hapo akamshika Chepngeno bega.

"Ebu niambie. Kwangu unatapika, kwa watu unalamba vidole. Mboga yangu imekukosea nini?"

Chepngeno alitazama chini.

"Nakuuliza!"

"Hii haikuwa ya kubaki," mtoto akasema.

"Nani amekuambia yangu ni ya kubaki?"

"Si wewe?" Chepngeno aliinua macho, na hayakuwa na ujeuri, alikuwa anajibu swali tu. "Kila siku ukitoka soko unasema. 'Leo hii ndiyo imebaki, tupike.'"

Dereva alipiga honi. Jelimo alipakia mzigo wake, akapanda, akamweka mtoto mapajani. Kichwani alikuwa anajibu, njia nzima mpaka Kitale. Alimjibu mtoto, akamjibu Mama Mukhisa, akamjibu muuguzi na bahati yake. Meza ndiyo inayokulisha, meza ndiyo inayokuvisha, ungetaka nile meza tulale njaa? Majibu yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililomtuliza.

Jioni iliyofuata ya soko alikusanya vilivyobaki kama kawaida. Lakini safari hii, kabla ya kuvitia kikapuni, alisimama akaviangalia. Sagaa lilikuwa limepigwa na jua tangu asubuhi na kunyunyiziwa maji kila lilipolegea, mpaka likaanza kuchacha kwa chini. Kunde zilikuwa na manjano ukingoni. Avokado lilikuwa lile ambalo kila mteja alilibonyeza kwa kidole gumba akaliacha, na chini ya ganda kila kidole kilikuwa kimeacha weusi wake. Jelimo akainua fungu la sagaa akalinusa, kama mteja anavyonusa. Lilinuka gunia. Kama angekuwa mteja angelirudisha mezani, tena angemwambia mwenye meza maneno.

Miaka saba. Mtoto alikuwa hajawahi kuonja mboga. Alikuwa ameonja mabaki ya mboga, na mama yake akamwita mwenye madeko.

Jelimo aliikasirikia meza, akamkasirikia marehemu mama yake, akawakasirikia wateja wenye vidole gumba. Mwishowe hakubaki mtu mwingine wa kukasirikia ila yeye mwenyewe. Akaamua kesho fungu la kwanza litakuwa la nyumbani.

Kuamua ni kazi nyepesi. Kesho yake alichagua fungu zuri, akaliweka chini ya meza ndani ya kikapu, akalifunika. Saa nne akaja mama mmoja mwenye hoteli, mteja wa siku nyingi, akatazama zilizo juu ya meza akakunja uso.

"Na hiyo iko huko chini?"

"Hiyo ni..." Jelimo akasema, na kabla hajamaliza mkono wake ulikuwa umeshainama, umelitoa, umelifunga kwenye karatasi. Mkono wa miaka mingi haungoji ruhusa. Mteja alipoondoka Jelimo alijitukana kwa Kikalenjin, kwa sauti, mpaka muuza viazi wa meza ya pili akamuuliza kama ameibiwa. Siku iliyofuata akauza tena. Jioni akarudi nyumbani na manjano yale yale, akayapika, mtoto akaziba pua, na Jelimo hakumlazimisha wala hakumgombeza. Hakuwa na uso wa kumgombezea. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa.

Basi akafanya kitu ambacho Nafisa alikisimulia kwenye ploti kwa muda mrefu. Alfajiri, mzigo wa sagaa ulipofika kutoka shambani, Jelimo aliufungua kabla ya kuupeleka mezani, akachukua fungu la juu, akachukua na papai ambalo uchu wa kuliuza ulimwuma vidole, akagonga mlango wa Nafisa.

"Niwekee hizi," akasema. "Na hata mimi nikikuja kuchukua mchana, usinipatie."

Nafisa alikuwa bado na usingizi. "Mama Chep! Unaficha mboga yako usiuze wewe mwenyewe?"

"Usinipatie, Nafisa. Hata nikilia."

Mchana alitamani kwenda. Mama wa hoteli alikuja akauliza zile nzuri ziko wapi, akanunua kwa meza nyingine huku Jelimo anamwona, na Jelimo akauma meno. Alifunga mapema, jua bado liko juu, jambo ambalo halikuwahi kutokea ila kwa msiba. Alichukua vitu vyake kwa Nafisa. Alichambua sagaa, akalichemsha, akalikaanga kwa kitunguu kidogo, akamwagia maziwa, likakolea polepole kama nyanya yake mzaa mama alivyokuwa akipika. Nyumba ikanukia. Papai alilikata vipande virefu, vyekundu, akavipanga kwenye ile sahani ya maua ambayo ilikuwa haishuki kabatini ovyo.

Chepngeno aliingia kutoka kwa Nafisa, akasimama mlangoni. Aliangalia sahani ya maua. Akaangalia sufuria.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Baba?"

"Baba ni Jumamosi. Kaa ukule."

Mtoto alikaa. Alivuta kigoda karibu na meza, akainama akanusa papai, pua karibu kabisa na kipande, na Jelimo akaona koo lake linameza mate. Halafu Chepngeno akajinyoosha vizuri, akaingiza mikono chini ya mapaja yake, kushoto na kulia, akaikalia. Akakaa hivyo, kwa adabu yake yote ile ambayo soko zima liliisifu, akingoja.

"Kula, mama," Jelimo akasema. 

"Si ni ya watu?"

Jelimo aliweka mwiko chini. Akapiga magoti pale sakafuni, akashika mkono mmoja wa mtoto akautoa chini ya paja, akashika wa pili akautoa pia, akaweka kipande cha papai katikati ya viganja vile vyeupe akavifunga kwa vyake.

"Ni yako," akasema. "Nimekuwekea wewe."

Chepngeno alimtazama kuona kama ni kweli. Kisha akala. Alikula papai, akala sagaa kwa mkono, akarudi kwenye papai, bila kuziba pua, bila kuacha hata jani pembeni. Alikula haraka haraka, mashavu yote mawili yamejaa, macho yake mlangoni, asije mwenye chakula akafika kabla hajamaliza.